Kwenda kuona Duomo ya Milano: anza juu ya paa, ushuke taratibu mpaka chini ya ardhi

Watu wengi wakifika Milano wanaenda Duomo, yaani kanisa kuu la mji, hivi: wanatoka metro, wanapiga selfi na njiwa, wanapanga foleni ya tiketi saa sita jua linawaka, wanaingia ndani wamechoka, wanazunguka dakika ishirini wanatoka, basi, tumeona. Mimi nakaa jirani na mji huu na wageni wakija kutoka nyumbani, kuna masista, kuna wazazi waliokuja kwenye mahafali ya watoto wao, kuna wale wa biashara ya nguo, wote nawapeleka kwa mpangilio mmoja, yaani asubuhi paani, mchana ndani, jua likiwa kali tunashuka chini ya ardhi, na anayetaka Misa anabaki jioni. Mpangilio una sababu zake, utaziona huko mbele.

Hatua ya kwanza: tiketi, ukiwa bado nyumbani

Nunua onlaini siku kadhaa kabla, kwenye tovuti ya Duomo yenyewe. Ukitafuta kwenye intaneti utakutana na tovuti kibao zinauza tiketi hiyohiyo na kuongeza cha juu. Angalia pia jina la mji, maana Italia kanisa kuu karibu kila mahali wanaliita duomo, Florence ipo, Siena ipo, Orvieto ipo, usije ukalipia ya Florence halafu umesimama Milano unabishana na mlinzi.

Aina za tiketi ni nyingi lakini zipange hivi kichwani: kuna ya ndani ya kanisa na makumbusho, kuna ya paani kwa ngazi, kuna ya paani kwa lifti ambayo ni ghali zaidi, halafu kuna za mchanganyiko. Kama magoti yako mazima chukua mchanganyiko wenye ngazi. Ngazi ziko kama 250, nyembamba, unapumzika kidogo unaendelea. Ukiwa na mzee au mtu wa presha mlipie lifti wala usibishane naye, ila mwambie mapema kwamba lifti haimfikishi juu kabisa, inamwacha kwenye paa la pembeni na bado kuna ngazi za kupanda kufika lile la katikati. Na kama hela inatosha kitu kimoja tu, chukua paa. Ndani unaweza kuingia bure kusali, nitafika hapo.

Muda wa tiketi chagua 09:00, yaani saa tatu yetu ya asubuhi (mama zetu usiwaachie tu tiketi mkononi, 09:00 wanaweza kusoma saa tisa wakaja mchana). Epuka Jumatano kama unataka makumbusho maana ndiyo siku wanayofunga. Na mtu asikudanganye kwamba ule mchoro wa Karamu ya Mwisho wa Leonardo da Vinci uko humu, hapana, uko Santa Maria delle Grazie, kanisa jingine, tiketi nyingine kabisa na ile inaisha wiki nyingi kabla.

Hatua ya pili: nguo na mzigo

Mabega yafunikwe na magoti yafunikwe, mwanamke kwa mwanaume. Wakati wa joto naona kila siku watu wanarudishwa mlangoni halafu wanakimbilia kununua mtandio kwa wachuuzi kwa bei ya kuumiza. Wewe beba khanga moja kwenye begi, imemaliza habari, paani unajitandia jua likizidi na ndani unajifunga. Kichwa si lazima kufunika, ila mwanaume akiingia ndani avue kofia.

Begi liwe dogo. Masanduku na mabegi makubwa hayaingii, chupa za glasi haziingii, kuna ukaguzi wa mashine kama uwanja wa ndege. Kama unatoka moja kwa moja airport na mizigo, iache stesheni ya Centrale, kuna sehemu ya kulipia wanakutunzia. Choo nenda kabla, ingia baa yoyote kunywa kahawa, kunywa umesimama kaunta maana ukikaa kwenye meza hapo karibu na uwanja bili yake itakushangaza, halafu omba choo, hawakatai mteja.

Hatua ya tatu: kufika na kuvuka uwanja

Metro inakutoa mbele ya kanisa kabisa, kituo kinaitwa Duomo, mstari mwekundu M1 na wa njano M3. Kutoka Centrale ni M3, vituo vinne tu. Huhitaji kuhangaika na tiketi ya karatasi, gusisha kadi ya benki getini ukiingia na kadi hiyohiyo ukitoka. Ngazi ukizipanda usisimame pale juu kushangaa ukizuia watu, sogea pembeni ndipo ushangae, maana vidole vyepesi navyo vinakusubiri hapohapo, simu weka mfuko wa mbele.

Uwanjani kuna vijana wa nyuzi. Atakuita braza, atakuuliza Afrika ipi, atakwambia zawadi tu hakuna kulipa, na kabla hujajibu uzi umeshafungwa mkononi na sasa anataka hela. Hawana ubaya wa kukupiga, wanatafuta riziki, we weka mikono mfukoni, salimia, endelea kutembea. Wa mahindi ya njiwa ni hadithi hiyohiyo.

Kabla hujaingia popote, simama mbele ya mlango mkubwa na uangalie kile kibaraza cha juu yake. Kuna sanamu ya mwanamke mwenye taji la miali ameinua mwenge, utasema hii si ile ya Uhuru ya New York? Ya hapa aliichonga Camillo Pacetti mwaka 1810, ya New York ilizinduliwa 1886, hesabu mwenyewe nani wa kwanza. Halafu shuka kwenye mlango wenyewe wa shaba, una picha za maisha ya Bikira Maria na Yesu zimechongwa kwa mwinuko, na utaona mguu mmoja unang'aa kama dhahabu wakati mlango wote ni mweusi, ni mikono ya watu imeusugua miaka yote hiyo wakitafuta baraka.

Hatua ya nne: paani

Hapa usiwe na haraka. Hili si paa la kuangalia kwa mbali, unatembea juu yake, sakafu yake ni mabamba ya marumaru yameinama kidogo kufuata umbo la kanisa, na pande zote umezungukwa na minara myembamba iliyochongoka, iko 135, na karibu kila mmoja juu yake kasimama mtakatifu. Kanisa zima lina sanamu kama 3,400 na nyingi ukiwa chini uwanjani huwezi kuziona hata kidogo. Ndiyo maana nasema asubuhi: mwanga unakuja kwa upande, sanamu zinatoka vizuri, watu wachache, na yale marumaru hayajaanza kurudisha joto usoni. Saa nane mchana mwezi wa saba pale juu ni tanuri.

Angalia jiwe lenyewe kwa karibu, weka uso kabisa. Si jeupe tupu, lina mishipa ya waridi na ya kijivu, linatoka machimbo ya Candoglia huko karibu na Ziwa Maggiore. Ujenzi ulianza 1386, na mwaka uliofuata mtawala wa Milano, Gian Galeazzo Visconti, akawapa wajenzi machimbo hayo wachukue bila kulipa, mawe yakashushwa kwa maji, ziwani, mto Ticino, halafu mfereji wa Naviglio Grande mpaka mjini karibu na kanisa, ambako kulikuwa na kibwawa cha kupakulia, leo ni mtaa tu lakini bado unaitwa via Laghetto. Taasisi iliyoundwa 1387 kusimamia ujenzi, Veneranda Fabbrica del Duomo, ipo mpaka leo, bado ina machimbo yaleyale na bado ina mafundi. Utaona kwenye ukuta jani moja la kuchongwa jipya jeupe limepachikwa katikati ya wenzake wa kijivu waliochakaa, hao ndio wao, wanatoa kipande kilichooza wanaweka kipya, kila siku. Lango la mwisho liliwekwa 1965. Wamilano kitu kisichoisha, mkopo, barabara, uchumba, wanasema kirefu kama ujenzi wa Duomo.

Sanamu si watakatifu tu. Tafuta mabondia, wapo kweli, wamechongwa enzi za Primo Carnera, bingwa wa ngumi wa Kiitaliano, naye yumo. Watoto waambie wawatafute, watatulia nusu saa.

Juu kabisa kwenye mnara mrefu ni Madonnina, Bikira Maria wa shaba aliyepakwa dhahabu, aliwekwa 1774, yuko mita 108.5 kutoka chini, na ukimwona mdogo ujue ana urefu wa zaidi ya mita nne. Vita vya pili vya dunia walimfunika asiwang'arie marubani wa mabomu. Mila ya mji ilikuwa hakuna jengo la kumzidi kimo, na walipojenga ghorofa la Pirelli lenye mita 127, likamalizwa 1960, walitengeneza Madonnina mdogo wakampandisha juu ya ghorofa ili bado awe yeye aliye juu, na baadhi ya maghorofa marefu yaliyofuata yamefanya hivyohivyo. Kwangu huo ni ujanja wa kimjini lakini wa heshima.

Siku isiyo na ukungu, hasa baridi baada ya upepo kupita, geukia kaskazini utaona milima ya Alps na theluji yake, Monte Rosa inaonekana vizuri. Usipoiona usilalamike, bonde hili kwa ukungu halijambo.

Hatua ya tano: ndani, na lenga muda wa jua

Ukishuka ingia ndani ukiwa na muda wa kutosha kabla ya adhuhuri ya jua. Kwa nini? Karibu na milango ya mbele kuna mstari wa shaba umekatiza sakafu kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, na alama za nyota kama ng'ombe, mapacha, nge. Uliwekwa 1786 na wanasayansi wa nyota wa Brera, kituo cha hapahapa Milano cha kuchunguza anga. Kwenye paa upande wa kusini kuna tundu dogo, mwali unaingia, na jua likifika kati kabisa lile duara la mwanga linakanyaga mstari. Walitumia hiyo kurekebisha saa za mji. Sasa adhuhuri ya jua Milano haiwi saa sita kamili: miezi ya baridi ni kati ya saa sita na dakika tano na saa sita na dakika arobaini, wakishasogeza saa mbele kuanzia mwisho wa Machi mpaka mwisho wa Oktoba inakuwa saa saba na dakika chache mpaka saa saba na nusu. Simama pale dakika kumi kabla, watalii wanapita wanaukanyaga huo mstari na hawajui.

Macho yakishazoea giza ndipo utaelewa ukubwa. Njia tano kati ya nguzo, nguzo 52, wanasema kama wiki za mwaka, dari la katikati mita 45, urefu wa kanisa mita 158. Usitembee katikati moja kwa moja kama kila mtu. Pita pembeni kulia ukifuata ukuta na vioo vya rangi, vile vya zamani vimejengwa kwa vipande vidogo vidogo kila kimoja na hadithi yake ya Biblia, na jua la mchana linatokea upande huohuo.

Mbele huko kulia utamkuta Mtakatifu Bartolomayo. Hapa wageni wangu wote wanasimama. Huyu mtume alichunwa ngozi akiwa hai, na mchongaji Marco d'Agrate mwaka 1562 kamchonga baada ya kuchunwa: misuli yote iko nje, mishipa ya damu ya miguuni unaihesabu, mbavu, kano za shingo, na kile ambacho mwanzoni unadhani ni shuka alilojitanda mabegani ni ngozi yake mwenyewe. Zunguka nyuma kama nafasi inaruhusu uone uso wake mtupu unavyoning'inia mgongoni. Mama mmoja wa Moshi niliyempeleka alikaa kimya, akaniambia, "Mwanangu, huyu fundi alishakwenda mochwari huyu." Nami nadhani hivyohivyo. Chini kaandika kwa Kilatini kwamba hakuchongwa na Praxiteles, yule mchongaji maarufu wa Ugiriki ya kale, bali na Marco wa Agrate, yaani jamaa alijiona si mchezo.

Ukifika mbele ya altare inua kichwa, juu kabisa darini kuna taa ndogo nyekundu. Hapo wanatunza Msumari Mtakatifu, ambao wanaamini ni mmojawapo wa misumari ya msalaba wa Bwana. Mara moja kwa mwaka, karibu na tarehe 14 Septemba sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba, Askofu Mkuu anapandishwa mpaka kule kwenye chombo kama wingu kilichopambwa malaika, wanakiita Nivola, anaushusha watu wauone. Ukipata kuja siku hizo panga safari yako kuzunguka hilo. Na ukija Novemba utakuta michoro mikubwa sana imetundikwa kati ya nguzo, ni maisha ya Mtakatifu Karoli Boromeo, Askofu Mkuu wa hapa aliyebaki mjini tauni ya 1576 wakati wakubwa wengine wanakimbia. Mwili wake uko chini ya altare, unashuka ngazi kumwona.

Hatua ya sita: chini ya ardhi

Hii ndiyo watu wanairuka na ndiyo mimi nisingeiruka. Ndani ya kanisa upande wa milango ya mbele kuna ngazi za kushukia kwenye magofu, ulizia area archeologica. Kule chini, chini ya ule uwanja wa mbele, kuna mabaki ya mahali pa kubatizia pa Mtakatifu Yohane, kisima chenye pembe nane cha karne ya nne. Usiku wa Pasaka mwaka 387 Askofu Ambrosi alimbatiza hapo Augustino. Huyu ndiye Augustino wa Tagaste, Mwafrika wa kaskazini, Algeria ya leo, alikuwa amekuja Milano kufundisha ufasaha wa kuongea, mama yake Monika akamfuata huku, akamlilia mpaka akaongoka. Ni Augustino huyuhuyu ambaye chuo kikuu cha SAUT Mwanza kina jina lake, niliwahi kushuka na kijana aliyesoma pale akapiga picha hilo shimo kuliko alivyopiga paa lote.

Hakuna cha kung'aa, ni matofali na mawe. Lakini kuna ubaridi, kuna utulivu, na mchana wa joto hutatamani kupanda.

Hatua ya saba: kama unataka kusali au kubaki Misa

Wa kusali tu halipi. Kuna mlango wake, mwambie mlinzi "per pregare", au kama ni saa ya Misa sema "per la Messa", atakuonyesha. Ukiingia huko huzunguki kutalii wala kupiga picha, unakaa sehemu iliyotengwa. Ratiba inabandikwa, iangalie asubuhi.

Sasa jiandae maana Misa ya hapa si ile uliyoizoea. Jimbo Kuu la Milano lina liturujia yake, ya Kiambrosi, ni Wakatoliki walewale chini ya Papa yuleyule lakini mpangilio una tofauti. Amani mnatakiana mapema, kabla ya matoleo, kwa hiyo usishtuke jirani akikupa mkono wakati wewe unatafuta sadaka mfukoni. Nasadiki inakuja baada ya matoleo. Mwanakondoo wa Mungu haipo. Chetezo hakina mfuniko. Mwishoni padre akishasema Bwana awe nanyi mnaitikia na kuongeza Kyrie eleison mara tatu, kisha badala ya nendeni anasema twendeni na amani, na jibu ni "Nel nome di Cristo", kwa jina la Kristo. Jumatano ya Majivu hawana, Kwaresima yao inaanza Jumapili, na Majilio yao ni wiki sita. Nilipeleka masista wawili, wakatoka wanabishana njia nzima kama amani inafaa kabla au baada, mpaka metro.

Kinanda kikipigwa usiondoke kwanza. Ni kati ya vikubwa kabisa Italia, mabomba zaidi ya 15,000, sauti unaisikia kwenye benchi.

Yaliyobaki

Njaa ikiuma, upande wa kushoto wa kanisa ukiliangalia kwa mbele kuna mtaa wa Santa Radegonda, wanauza panzerotti, ni kama sambusa kubwa ya jibini na nyanya, kula umesimama ila ing'ate pole pole, jibini linaunguza. Makumbusho yako ndani ya Palazzo Reale, kulia ukiangalia kanisa, tiketi yako ya mchanganyiko inaingia. Huko sanamu za zamani zilizoshushwa kutoka paani unaziona macho kwa macho, ukiwa umechoka pita haraka ila usikose mifupa ya chuma ya Madonnina wa kwanza.

Na kitu kimoja wengi wanachanganya: Ambrosi mwenyewe hayumo Duomo. Yuko kwenye basilika ya Sant'Ambrogio, mwendo wa kama robo saa kwa miguu au metro ya kijani M2 kituo chenye jina hilohilo. Kuingia bure, shuka chini ya altare utaona mifupa yake imevishwa mavazi ya kiaskofu, imelazwa kati ya wafiadini wawili, Gervasi na Protasi. Mchana huwa wanafunga kidogo, kwa hiyo iweke kesho yake asubuhi.